Si Kila Anayeteseka ni Kristo: Maana ya Mateso na Sadaka katika Imani ya Kikristo

Utangulizi

Upo ugonjwa mmoja umeenea katika uhakiki wetu wa fasihi hapa chuoni, nao ni ugonjwa wa kumwona Kristo kila mahali. Mhusika akipigwa, ni Kristo. Akifungwa, ni Kristo. Akifa kabla ya ukurasa wa mwisho, basi hapo ndipo kabisa: tutaandika kwamba mwandishi ametumia ishara ya msalaba, tutapigia mstari, na tutategemea alama nzuri. Upande wa pili wapo ndugu zetu wa uhakiki wa Ki-Marx ambao hawana haja na msalaba. Kwao kila palipo na neno sadaka pana kasumba: mnyonge anaambiwa avumilie ili bwana mkubwa aendelee kula.

Kinachonishangaza ni kwamba pande hizi mbili, pamoja na kelele zote, zinakubaliana juu ya jambo moja bila kujua. Zote zinachukulia kwamba imani ya Kikristo inafundisha kuwa maumivu yenyewe ni kitu chema, kwamba mtu akiumia sana anakuwa mtakatifu, na kwamba damu ikimwagika wokovu unapatikana. Wa kwanza wanalisifu jambo hilo, wa pili wanalilaani. Lakini je, ndivyo imani hiyo inavyosema?

Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Nitadai kuwa uzito wa imani ya Kikristo umewekwa juu ya utoaji: nani anatoa, anatoa nini, kwa hiari ya nani, na kwa faida ya nani. Maumivu huja kwa sababu utoaji katika dunia hii una gharama. Tukilielewa hilo, tutawasoma vizuri zaidi waandishi wetu waliolelewa kwenye shule za misheni na seminari. Na tutaweza pia kujibu swali ambalo si la darasani tu: ni nani mwenye haki ya kumwambia mwenzake ateseke?

Maneno tunayoyatumia

Tuanze na lugha, maana sisi ni watu wa lugha. Mkristo anayesema Kiswahili ana maneno kadhaa ya kulitaja jambo hili, na mengi ameyarithi kutoka Kiarabu kupitia watu wa Pwani. Neno sadaka linatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya ukweli. Kwa Mwislamu ni kile anachotoa mtu kwa moyo wake, mbali na zaka iliyo faradhi. Waliotafsiri Biblia walilichukua neno hilohilo wakalibebesha mzigo mwingine: likawa jina la mnyama wa kuteketezwa, na pia jina la fedha zinazotumbukizwa kapuni siku ya Jumapili. Dhabihu nayo ni kitu kilichochinjwa, na madhabahu, ukilitazama vizuri neno hilo, ni mahali pa kuchinjia.

Halafu lipo neno kafara. Kafara kwa mtu wa Pwani ni kitu kinachotolewa ili kuondoa balaa. Katika baadhi ya miji ya Pwani kulikuwa na desturi ya kumzungusha ng'ombe mji mzima kisha kumchinja, ili nuksi na maradhi yaondoke watu wapone. Vitu vingine vya kafara vilitupwa njia panda. Sasa angalia sifa moja ya kafara: anayetolewa haulizwi. Ng'ombe hana kauli. Watu wa mji ndio wanaotoa, watu wa mji ndio wanaopona, na ng'ombe kazi yake ni kufa.

Biblia yenyewe inaijua kafara ya namna hii. Katika Mambo ya Walawi sura ya 16, kuhani anaweka mikono juu ya kichwa cha mbuzi, anaungama makosa ya taifa lote, kisha mbuzi huyo anapelekwa nyikani na mzigo usio wake. Mbuzi hakukosa lolote. Amechaguliwa kwa kura.

Lakini lipo neno jingine ambalo naomba tulikazie macho. Kiebrania cha Agano la Kale kinayaita matoleo kwa jina la korban, na mzizi wa neno hilo ni ndugu wa mzizi wa Kiarabu uliotupatia sisi karibu, karibia na hata akraba. Kwa asili ya neno, kutoa korban ni kusogea karibu. Damu ni sehemu ya tendo, lakini shabaha ya tendo ni ukaribu: mtu na Mungu wake, mtu na jirani yake. Mtu anayemkaribisha mgeni kwake kwa Kiswahili anatumia mzizi mmoja na kuhani wa Yerusalemu aliyesimama madhabahuni.

Neno la mwisho ni shahidi. Wakristo wa kwanza walioandika kwa Kigiriki walimwita mtu aliyeuawa kwa ajili ya imani martys, yaani mtu anayetoa ushahidi, kama ushahidi wa barazani. Kiarabu na Kiswahili vimelihifadhi wazo hilo. Vijana waliouawa katika Buganda kati ya 1885 na 1887 chini ya Kabaka Mwanga, wengi wao wakichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, tunawaita Mashahidi wa Uganda. Papa Paulo wa Sita alipowatangaza 22 kati yao kuwa watakatifu mwaka 1964, heshima aliyowapa ilitokana na walichokishuhudia. Moto peke yake haumfanyi mtu kuwa shahidi, kwani wako wengi duniani waliokufa kwa moto.

Na tusidhani kwamba Wakristo wa zamani waliyakimbilia mateso kwa furaha. Maandishi yanayosimulia kifo cha Polikapo, askofu wa Smyrna wa karne ya 2, yanamtaja mtu mmoja aitwaye Quintus aliyejitokeza mwenyewe mbele ya watawala ili auawe. Alipowaona wanyama wakali alitishika akakana imani yake. Msimulizi wa habari hizo anasema waziwazi kwamba kanisa haliwasifu wanaojipeleka wenyewe kwenye kifo. Polikapo mwenyewe kwanza alikubali kufichwa shambani.

Maandiko yanasema nini juu ya mateso

Tukiingia ndani ya Biblia tunakuta kwamba haina jibu moja jepesi. Ina mabishano. Kitabu cha Ayubu ni kama mchezo wa kuigiza ambao sehemu yake kubwa ni majibizano. Ayubu amepoteza mali, watoto na afya. Rafiki zake wanakuja kumpa pole, halafu wanaanza kumfundisha theolojia: kama umeumia, basi umekosa. Ayubu anakataa. Analalamika, anadai shauri lake lisikilizwe. Mwishoni mwa kitabu Mungu anawakemea wale marafiki waliomtetea yeye Mungu kwa hoja nzuri nzuri, na anasema Ayubu ndiye aliyenena ipasavyo. Hebu tulifikirie hilo. Mlalamikaji ameshinda kesi, na waliomwambia anyamaze wameshindwa.

Yesu naye, katika Luka sura ya 13, anaelezwa habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato, na mwenyewe anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Anakataa kabisa wazo kwamba hao walikuwa na dhambi kuliko wengine. Usiku wa Gethsemane, kwa mujibu wa Marko, anaomba kikombe kimwondokee. Msalabani analia kwa maneno ya mwanzo ya Zaburi ya 22, ambayo ni zaburi ya mtu aliyeachwa. Huyu si mtu anayependa maumivu. Kama maumivu yangekuwa mema kwa yenyewe, basi kazi yake ya kuponya wagonjwa ingekuwa ni kuwanyang'anya watu baraka.

Hata hivyo lazima tuseme ukweli wote. Imani ya Kikristo haisemi kwamba mateso hayana maana. Isaya sura ya 53 inamchora mtumishi anayebeba maumivu ya wengine. Paulo anayaona mateso yake gerezani kuwa yana kazi kwa ajili ya kanisa. Mwaka 1984 Papa Yohane Paulo wa Pili aliandika barua nzima juu ya maana ya mateso, akifundisha kwamba mtu anayeumia anaweza kuyaunganisha maumivu yake na ya Kristo. Lakini barua hiyohiyo inaelekea kumalizika kwa Msamaria mwema, yaani kwa mtu anayesimama njiani, anafunga majeraha ya mwenzake na kulipa gharama ya nyumba ya wageni. Mkristo akiumia anaruhusiwa kutafuta maana. Akimwona mwingine anaumia, anachotakiwa kutafuta ni bandeji.

Kauli ya Kayafa

Sasa tufike penye kiini. Katika Injili ya Yohana sura ya 11, wakubwa wa Yerusalemu wana wasiwasi kwamba Warumi watakuja kuliangamiza taifa. Kayafa, kuhani mkuu wa mwaka ule, anatoa ushauri: ni nafuu afe mtu mmoja kuliko taifa zima kupotea. Kwa lugha yetu, Kayafa anapendekeza kafara. Anayo mantiki, anayo takwimu, na hana chuki binafsi. Ni siasa safi kabisa.

Mwandishi wa Injili hapo anafanya jambo ambalo mwanafunzi wa fasihi hawezi kulipita hivihivi. Anasema Kayafa alitabiri bila kujua, kwamba kweli Yesu angekufa kwa ajili ya watu. Kinaya iliyoje! Maneno ni yaleyale, lakini yana maana mbili zinazopingana. Kinywani mwa Kayafa maana yake ni: tumtoe yule. Kwa Yesu, ambaye sura moja nyuma yake amesema kwamba uhai wake hanyang'anywi na mtu bali anautoa mwenyewe, maana yake ni: najitoa mimi. Tukio ni moja, msalaba ni mmoja, misumari ni ileile. Lakini kwa muuaji ni kafara, na kwa anayekufa ni sadaka.

Nadhani hapa ndipo imani ya Kikristo inapojitofautisha. Ibrahimu alipoinua kisu juu ya Isaka, mkono wake ulizuiwa. Manabii waliwashambulia watu waliochoma wanyama huku wakiwadhulumu maskini. Hosea aliiweka huruma juu ya kila sadaka ya kuteketezwa. Na Waraka kwa Waebrania unadai kwamba sadaka ya Kristo ilitolewa mara moja tu, ikatosha. Kama imetosha, basi hakuna tena anayehitajika kuchinjwa. Mkristo anayetafuta mtu mwingine wa kutoa kafara amesharudi upande wa Kayafa.

Wanatheolojia, bila shaka, wamebishana kwa karne nyingi. Mwishoni mwa karne ya 11 Anselm wa Canterbury alieleza kifo cha Kristo kama malipo ya heshima ambayo binadamu alikuwa anadaiwa na Mungu. Maelezo haya ndiyo yanayosikika zaidi katika mahubiri yetu, na ndiyo yanayowafanya wengi wamwone Mungu kama mdai anayetaka damu. Haki imtendekee Anselm: yeye mwenyewe alisisitiza kwamba Kristo hakulazimishwa. Karne iliyofuata Abelard aliweka mkazo juu ya upendo, kwamba msalaba unauyeyusha moyo wa binadamu ili naye apende. Wengine tangu kale waliuona kama ukombozi, na hapa Kiswahili kinasaidia, maana tunakomboa kitu kilichowekwa rehani.

Katika nyakati za karibu amejitokeza Mfaransa René Girard, aliyeishi kati ya 1923 na 2015, ambaye namtaja kwa sababu alianza kama mhakiki wa riwaya, mtu wa fani yetu. Kwa maoni yake jamii nyingi zimejenga amani kwa kumrundikia lawama mtu mmoja na kumwondoa. Visasili husimulia tukio hilo kutoka upande wa waliomwua, hivyo anayekufa huonekana kweli ana hatia. Injili zinasimulia tukio lilelile kutoka upande wa anayeuawa, zinasema hana hatia, na kwa kufanya hivyo zinaifichua siri ya kafara. Girard kwa muda alikataa hata kukiita kifo cha Kristo sadaka, ingawa baadaye alilegeza msimamo. Si lazima tukubaliane naye yote. Inatosha tujifunze kwake swali la kihakiki: habari hii ya mateso inasimuliwa kutoka upande wa nani?

Mahali inapopotoshwa

Ninaye shangazi ambaye kwa miaka mingi alipigwa na mumewe. Alipopeleka malalamiko yake kwa wazee wa kanisa analosali, aliambiwa kwamba huo ndio msalaba wake, aubebe. Wakamwongezea na methali, eti mvumilivu hula mbivu. Shangazi akarudi nyumbani akaendelea kupigwa, hadi wanawe walipopata kazi na kumwondoa pale.

Ndugu zetu wa Ki-Marx wakisikia habari kama hii watasema: si mnaona? Na katika hili wana haki ya kukasirika. Lakini kwa kipimo cha Maandiko yenyewe, wazee wale walifanya nini? Walisema kauli ya Kayafa. Walipima jina zuri la nyumba moja ya Kikristo upande mmoja, na mbavu za mwanamke upande wa pili, wakaona ni nafuu mbavu zivunjike. Msalaba ambao Yesu anawaambia wafuasi wajitwike katika Marko sura ya 8 ni gharama ya njia ambayo mtu ameichagua. Ngumi ya mume mlevi haikuchaguliwa na mtu. Kuiita msalaba ni kumbatiza ng'ombe wa kafara na kumpa jina la Kikristo.

Na kama kuna anayeona kwamba hapa naipindisha dini ili ipendeze masikio ya kisasa, asome Marko sura ya 7. Hapo Yesu anawakemea watu wanaotangaza mali yao kuwa Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, ili wasiwatunze wazazi wao. Ni lile lile neno la kukaribia! Watu wamelichukua neno la ukaribu wakalitumia kujitenga na mama na baba. Upotoshaji wa sadaka si jambo lililogunduliwa na wapinzani wa dini. Umeandikwa na kulaaniwa ndani ya Injili.

Tukisoma upya: Regina, Kihika na Mugo

Tujaribu sasa kuutumia mtazamo huu. Katika Rosa Mistika (1971), Euphrase Kezilahabi, aliyepitia seminari ya Kikatoliki, ameyachagua majina kwa makusudi. Rosa Mistika ni mojawapo ya majina ya Bikira Maria katika litania. Mama yake Rosa anaitwa Regina, yaani Malkia, na litania ileile inamwita Maria Malkia wa Mashahidi. Regina huyu anaishi na Zakaria, mume mlevi na mkali. Mhakiki mwenye haraka atasema Regina ni picha ya mateso matakatifu. Lakini uvumilivu wa Regina unamkomboa nani? Haumrekebishi Zakaria. Haumlindi Rosa, ambaye mwisho wake ni kujiua. Mimi naona Kezilahabi anatuwekea jina la mbinguni juu ya nyumba inayoungua ili tuone umbali uliopo kati ya hayo mawili. Hapo hakuna mtu anayesimulia habari za Kristo. Kuna mwandishi anayeuliza kwa nini tumeridhika kumwita mwanamke malkia huku tukimwacha aumie.

Mfano mgumu zaidi ni A Grain of Wheat (1967) ya Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye wakati huo bado alikuwa akiandika kwa jina la James Ngugi. Jina la riwaya limetoka katika Yohana sura ya 12, kwenye mfano wa mbegu ambayo haizai mpaka izikwe. Mwaka 1970 mwandishi huyu aliuambia mkutano wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki mjini Nairobi kwamba yeye si mtu wa kanisa wala si Mkristo, lakini riwaya hii imelowa Biblia.

Tunazoea kusema kwamba Kristo wa riwaya ni Kihika, mpiganaji anayetembea na Biblia yake aliyoipigia mistari, anayesalitiwa na kunyongwa. Hoja hiyo ina msingi. Kihika mwenyewe anaamini kwamba yeyote anayejitoa kwa ajili ya wengine ni Kristo, na hapo amekishika kiini: kipimo ni kujitoa.

Lakini mtazame Mugo. Kijiji cha Thabai kinamwona Mugo kuwa shujaa kwa sababu aliteseka. Alichapwa kizuizini, hakusema neno, akarudi kimya. Kijiji kinafanya kosa lilelile tunalofanya sisi wahakiki: kimehesabu makovu, kikajumlisha, kikapata mtakatifu. Sisi wasomaji tunakuja kujua kwamba Mugo ndiye aliyemsaliti Kihika. Maumivu yake yalikuwa ya kweli, tena yalianza pale alipomkinga mwanamke aliyekuwa akipigwa kwenye handaki. Hata hivyo, maumivu yote yale hayakumtakasa na usaliti wake. Kimya chake, ambacho watu walikidhania kuwa cha kishujaa, kilikuwa kimefunika kaburi.

Sadaka ya Mugo inakuja baadaye, siku ya Uhuru, Desemba 1963, wala hakuna kiboko siku hiyo. Wapiganaji wamepanga kumtaja msaliti mbele ya umati, na wanayemshuku ni Karanja. Ni rahisi ilioje! Karanja amewatumikia wakoloni, hana wa kumlilia. Kafara imeshaandaliwa, imefungwa kamba, inangoja kisu. Mugo angenyamaza tu, angebaki shujaa maisha yake yote. Badala yake anasimama mbele ya watu na kusema ni yeye. Anatoa jina lake zuri, na pamoja nalo uhai wake, ili asiuawe mtu mwingine kwa kosa lisilo lake. Tena mtu mwenyewe si mwema. Kama katika riwaya hii kuna mahali ambapo mbegu inaingia udongoni kwa hiari yake, mimi naona ni hapo.

Na Ngũgĩ hatuachii tufurahi. Baada ya ungamo lile, Mugo anahukumiwa mbali na macho ya umati, na hatumwoni tena. Je, hiyo ni haki, au taifa jipya limeanza kwa kufuata ushauri wa Kayafa? Wapo watakaosema sheria ya vita ni sheria. Mimi nasita. Mtu aliyeivunja duara ya kafara kwa kusema ukweli anaondolewa kimyakimya, na baadaye wazee wamebaki na huzuni wasiyoweza kuieleza. Kijiji kimepewa sadaka, lakini hakijajua kuipokea isipokuwa kwa njia iliyoizoea.

Hitimisho

Kutokana na maelezo haya napendekeza kwamba kabla ya kumwita mhusika Kristo tujiulize maswali matatu. La kwanza: anayeumia amejitoa, au ametolewa? La pili: maumivu yake yanamponya nani, na nani anafaidika kwa kimya chake? La tatu, ambalo linatoka katika neno korban: baada ya tendo lile, watu wamekaribiana zaidi, au wametengana? Mhusika anaweza kuvuja damu kurasa 200 akashindwa maswali yote matatu. Mwingine anaweza kusema sentensi moja tu ya kweli mbele ya umati akayapita.

Maswali haya hayamtaki msomaji awe Mkristo. Mwislamu, asiye na dini na ndugu yetu wa Ki-Marx wote wanaweza kuyatumia, na huyo wa mwisho atagundua kwamba Injili yenyewe iliwahi kumkasirikia Kayafa kabla yake. Kwa upande wa Wakristo wenzangu, maswali haya yana ukali zaidi, kwa sababu yanamdai anayehubiri uvumilivu aonyeshe kwanza yeye ametoa nini. Ambaye hajapoteza chochote na anamwambia mwenzake abebe msalaba, huyo bado amekaa barazani Yerusalemu akipiga hesabu za nafuu.

Walimu na wanafunzi wenzangu walio na maoni tofauti, hasa juu ya hukumu ya Mugo, nawaomba wayaandike. Suala hilo mimi sijalifunga.